Pikipiki Tatu Mbele ya Mama Mazu

Tulipoachana Jumamosi nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya leseni, machozi yananitoka, leseni mkononi. Ilikuwa mara yangu ya tatu, na safari hii niliuvuka ule ubao mwembamba kwa mwendo wa konokono bila mguu kugusa chini. Mlioniandikia kunipongeza, asanteni. Mlioniandikia kwamba sasa matatizo yangu yamekwisha, hamnijui.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, jina langu ni A-Luan. Ni mjane wa miaka hamsini na tatu, na kazi yangu ni kuziba vidole vya soksi kwa cherehani hapa Shetou. Tuseme ilikuwa hapa, maana kiwanda kimehamia ng'ambo ya mlima Bagua. Kwa skuta yangu ndogo na barabara ya zamani, nyuma ya malori ya mchanga, nafika wenzangu wameshajaza kapu la kwanza. Barabara ya mwendo kasi ingenifikisha mapema, lakini skuta ndogo hairuhusiwi huko. Inaruhusiwa pikipiki yenye namba ya njano, ile ya kati, si ndogo wala si jitu.

Msimamizi amesema: Jumatatu asiyekuwa langoni kabla ya kengele, kiti chake atakikalia mtu wa huko huko.

Mama yangu mzazi tulimzika mwezi uliopita, hilo nalo mnalijua. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama mkwe wangu, ambaye namwita mama tu. Kiti kile ndicho kinachotulisha sote.

Basi leseni ninayo. Pikipiki sina.

Jumatano nikaenda kwa Bosi Tiao, anayeuza pikipiki zilizotumika karibu na stesheni ya treni.

"Dada mkubwa, karibu! Mwanao hakuja?"

"Mwana gani?"

"Wa kuendesha."

"Wa kuendesha ndiye huyu unayemwona."

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. Macho yake hayakwenda mbali, maana mimi ni mfupi.

"Kaa kwanza unywe chai," akasema. "Habari kama hii inataka chai."

Nikamwambia chai baadaye. Nataka kitu cha kunivusha mlima asubuhi na kunirudisha jioni, mvua na jua, mpaka nistaafu. Sitaki sifa, sitaki kelele.

"Wote husema hivyo," akasema, "halafu wanachagua nyekundu."

Akanitolea tatu.

Ya kwanza ilikuwa ndefu, imejinyoosha chini kama mbwa aliyeshiba. Nilipoikalia nyayo zangu zote mbili zilitua sakafuni. Nikafurahi. Nikamwambia moyoni mungu wetu wa kike, Mama Mazu, umenisikia mapema leo.

"Haya, isimamishe," akasema Bosi Tiao.

Nikaivuta kutoka kwenye mguu wake wa pembeni. Ikasimama. Ikaendelea kusimama, ikapita pale pa kusimama, ikaanza kwenda upande wa pili. Uzito ule hauzuiliki kwa dua. Bosi Tiao akaruka kuidaka, nayo ikamtua kwenye vidole vya mguu.

"Samahani, bosi!"

"Hakuna neno," akasema, uso umebadilika rangi. "Mguu wa pili bado mzima."

Ya pili ilikuwa skuta, lakini skuta iliyokula ikanenepa. Haina gia za kubadilisha. Chini ya kiti kuna shimo la kuweka koti la mvua, chakula cha mchana na kabichi mbili. Kasoro yake ni hicho kiti chenyewe, kipana kama kitanda. Nilikaa, miguu ikaning'inia kama ya mtoto kwa daktari wa meno.

"Taa nyekundu ikiwaka utafanyaje?" akaniuliza.

"Nitaomba ziwe za kijani."

"Njia nzima?"

Nikashuka.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, cc mia tatu, wima, imechubuka tangi upande wa kushoto. Kiti chake chembamba, kwa hiyo ncha za nyayo zangu zilifika chini, kulia na kushoto. Klachi yake laini, haiumizi mkono ulioshika uzi miaka thelathini. Breki zake hazifungi gurudumu kwenye maji. Bosi Tiao akanifungulia lango la nyuma, nikaizungusha mitaa ya stesheni. Sikuanguka. Haikuzima. Niliporudi nikagundua kwamba kwa kitambo kidogo nilikuwa nimesahau kuchoka, jambo ambalo halijanitokea tangu mazishi.

"Hii," nikasema.

"Niandike?"

"Bado. Lazima mama akaulize."

Bosi Tiao hakushangaa. Nusu ya wateja wake humuuliza Mama Mazu kabla ya kumuuliza yeye bei.

"Kaulizeni, lakini upesi. Kuna mwalimu mmoja wa Yuanlin anaipigia simu hiyo ya kijivu kila siku."

Kuuliza kwenyewe ni hivi. Unafukiza udi, unajitaja jina na mahali unapokaa, unasema shida yako, kisha unatupa sakafuni vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, mungu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vyote chali, anacheka, yaani hujauliza vizuri, rudia. Kwa jambo zito lazima akubali mara tatu mfululizo.

Ningeuliza mwenyewe. Lakini niko kwenye matanga, na mwenye matanga haingii hekaluni. Mtasema, A-Luan, si uombe nyumbani? Naomba. Kila alfajiri naomba. Ila nyumbani nikiuliza najibiwa na saa ya ukutani.

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi aliingia mama. Mimi nilibaki ng'ambo ya barabara, nikimlindia duka Bibi Khim, anayeuza udi na karatasi za dhahabu za sadaka, maana yeye alikuwa ameingia hekaluni kubadilisha maua. Nilifumba mikono, nikategea sikio mlio wa vibao.

Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, watu wa hekalu la kijiji jirani wakaja kumtembeza mungu wao. Ngoma, matoazi, fataki. Nisingesikia hata jina langu.

Mama akatoka, anashuka ngazi moja moja.

"Amekataa."

"Ipi, mama?"

"Zote."

"Zote tatu? Amekataa, au amecheka?"

"A-Luan, mimi nimeanza kutupa vibao wewe hujazaliwa. Nikisema amekataa, amekataa."

"Labda tuulize tena, tubadilishe swali kidogo..."

"Mama Mazu si muuza samaki, umrudie mpaka apunguze bei!"

Tukarudi nyumbani. Alinishika mkono njia nzima, hakuniachia. Nikadhani ni magoti.

Jioni ile sikuomba. Nilisimama dirishani nimefumba mikono kama kawaida, lakini maneno hayakuja. Nilikuwa nimechoka hata kulalamika. Kuna uchovu wa mwili, huo unalala nao ukaamka umepungua. Na kuna uchovu wa kuambiwa hapana na wote unaowategemea, mmoja baada ya mwingine, mpaka aliye juu yao.

Ijumaa asubuhi nikampigia Bosi Tiao. "Mpe mwalimu ile ya kijivu."

"Mama Mazu kakataa?"

"Kakataa."

"Pole, dada. Mwalimu anakuja leo saa nane mchana."

Ilibaki simu ya pili, ya msimamizi, kumwambia kiti changu ampe mwingine. Niliishika simu, nikaiweka. Nikasema ngoja kwanza ninunue tofu ya soya. Mtu hujitafutia tofu akiogopa.

Nikapita dukani kwa Bibi Khim.

"Hongera!" akapaza sauti toka mbali. "Iko wapi? Hebu niione!"

"Nini, bibi?"

"Pikipiki! Ya kijivu!"

"Bibi, si Mama Mazu alikataa."

Bibi Khim akaweka chini mafungu ya udi. "Nani kakwambia? Ile iliyolala chini aliikataa, sawa. Ile skuta nene akaicheka, na mimi nikacheka. Lakini ya kijivu? Ndiyo, ndiyo, ndiyo! Moja juu ya nyingine! Nilikuwa pale pale na maua yangu."

"Umesikiaje swali lake?"

"Nani hakusikia? Mama mkwe wako masikio yamekwisha, basi anadhani na Mama Mazu ni kiziwi. Alishinda ngoma. Hekalu zima sasa linajua urefu wa miguu yako."

Sikununua tofu.

Mama alikuwa jikoni, anamenya machipukizi ya mianzi kwenye beseni. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake ili anisikie vizuri.

"Mama. Bibi Khim ameniambia."

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea.

"Bibi Khim ana mdomo mpana kuliko duka lake."

"Alikubali mara tatu."

"Alikubali."

"Na wewe ukaja kuniambia amekataa. Umemsingizia Mama Mazu, mama! Umetoka mbele ya uso wake, majivu ya udi bado mkononi, ukasema uongo!"

"Nilisema."

"Kwa nini? Angekataa kweli ningetii. Unajua ningetii."

"Angekataa," mama akasema, "ningeshuka zile ngazi nacheka. Ningekuletea hapana halali. Hapana hiyo ndiyo niliyokwenda kuitafuta." Akalitupa ganda. "Aliposema ndiyo ya tatu, niliondoka bila hata kumshukuru."

"Sikuelewi."

"Bun-hiong naye alipewa ndiyo tatu."

Bun-hiong ni mume wangu. Mwanawe wa pekee. Wasomaji wa zamani wanajua alivyokufa, barabarani, mvua inanyesha, kwenye pikipiki ya kati kama hii hii, ya kwendea kazini. Msichokijua ni hiki, maana hata mimi sikukijua mpaka Ijumaa: miaka yote niliamini aliinunua bila kuuliza. Majirani walisema hivyo msibani. Nami nikalishika neno lao. Nimemgombeza kwalo hata mbele ya picha yake, kila siku ya wafu.

"Aliuliza?" Sauti yangu niliisikia mbali.

"Nilikuwa naye. Tulitupa pamoja. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tulirudi tunacheka njia nzima, akasema usimwambie A-Luan, nataka anione tu nimeingia nayo uani."

"Na siku zote hizi unanisikia namlaumu, umenyamaza?"

"Ungemlaumu nani basi? Nilifikiri. Nikasema, akimlaumu Bun-hiong, Bun-hiong atasamehe, ni mumewe. Akimlaumu Mama Mazu, ataomba kwa nani?"

"Wewe je? Umeomba kwa nani?"

"Kwake huyo huyo. Nina nani mwingine?" Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Namuuliza jambo moja tu. Ndiyo yako maana yake ni nini? Hajanijibu."

Nilitaka kukasirika, hasira ikaja nusu, ikachoka njiani.

"Mama," nikasema, "bila pikipiki hakuna kiti. Bila kiti hakuna mchele."

"Tutakula mianzi."

"Mianzi nayo huliwa na wali."

Nikatazama saa. Saa saba na nusu. Nikachukua kofia yangu ngumu msumarini. Hakunizuia. Nilipogeuka mlangoni alikuwa bado anamenya, na machipukizi yalikuwa yamekwisha.

Mwalimu alikuwa ameshaikalia.

Kijana mrefu, miguu imejikunja kama panzi. Bosi Tiao alikuwa ameshika kalamu. Aliponiona akaishusha.

"Dada mkubwa, si ulisema..."

"Nilisema. Nimekosea."

"Shangazi," yule mwalimu akasema kwa adabu, "nimeisubiri hii wiki tatu."

Nilikuwa na maneno mengi njiani, ya kiti, ya mlima, ya kengele ya Jumatatu. Yote yakanitoka. Likabaki moja.

"Nimeulizia kwa Mama Mazu."

"Akasemaje?"

"Ndiyo. Mara tatu mfululizo."

Akashuka kama kiti kimemuunguza. Akarudi nyuma hatua, akafuta kwa mkono wa shati pale alipokuwa amekaa.

"Basi ni yako, shangazi. Mimi siwezi kupanda kitu alichopewa mtu. Mama yangu akisikia ataninyima chakula."

Akainamisha kichwa, akaondoka. Bosi Tiao akanipa kalamu.

Hapa ndipo naungama, maana ukurasa huu niliahidi kusema kweli. Nililitumia neno lile kama ufunguo, na moyoni sikuwa nalo tena. Nilitoka jikoni nikiwa siamini ndiyo ya Mama Mazu, na kabla ya saa nane nikamshusha nayo kijana wa watu aliyeamini. Tangu siku hiyo kila nikifumba mikono naanza na samahani, kisha sijui niendelee vipi.

Jumamosi mama hakusema nami. Nilifanya mazoezi kando ya mashamba ya mipera, kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama. Jumapili asubuhi alichukua mwavuli akatoka. Alirudi mchana, akapika, akala, akalala. Sikumuuliza.

Jumatatu.

Saa kumi na mbili kamili niliitoa uani. Chakula mgongoni, koti la mvua kiunoni. Nikawasha. Ikanguruma taratibu, haina makuu.

Mama akatoka na kandambili, akaja kusimama mbele ya gurudumu. Akaweka kiganja juu ya taa.

"Mama, kengele ni saa moja."

"Jana nilirudi hekaluni."

"Najua."

"Sikuuliza habari ya kununua, umeshanunua. Nilimuuliza kama utarudi jioni."



"Usiniambie."

"Lazima ujue."

"Akiwa amesema hapana, siendi, na kiti kimekwenda. Na akiwa amesema ndiyo..." Nikashika vipini vizuri. "Mama, akiwa amesema ndiyo nitaogopa zaidi. Hofu hiyo umenipa wewe Ijumaa, pamoja na mianzi. Niache niende kama watu wanavyokwenda kazini. Na wewe unisubiri kama watu wanavyosubiri."

Akanyoosha mkono, akashika mkanda wa kofia yangu, akaukaza chini ya kidevu mpaka nikakohoa. Akasogea pembeni.

Nikaachia klachi. Haraka mno.

Pikipiki ikaruka mara moja kama chura, ikazima.

Mbele ya nyumba ya pili mtu aliyekuwa akifagia aliacha kufagia.

"Umeona?" mama akapiga kelele, kwa ile sauti yake ya kumwambia mungu. "Umeona, A-Luan? Njoo hapa! Sasa utanisikiliza, nikuambie alichosema!"

Alikuwa anakuja, mkono mmoja mbele, kandambili moja imebaki nyuma. Juu ya mlima malori ya kwanza yalikuwa yameshaanza kupanda.

Nikavuta klachi hadi mwisho. Nikaweka kidole gumba kwenye kitufe cha kuwasha. Midomo ya mama ilikuwa imeshaanza kulitengeneza lile neno.

Nikabonyeza.